Ziacheni za murram, ila zipeni mitaro

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: jiji likipata nafasi ya kutengeneza njia za baiskeli kando ya mito ya Nairobi, zimwagwe lami au ziachwe za murram? Najibu kwa urefu kidogo, maana njia za namna hiyo ndizo ninazoendeshea baiskeli wikendi, ndani ya Msitu wa Karura, na nazipenda mno.

Ziachwe za murram. Lakini tusidhani murram ni udongo mwekundu unaomwagwa na lori, ukasawazishwa, watu wakaenda zao.

Yeyote anayeshuka Karura kuelekea mtoni, kwenye kivuli cha mianzi, aangalie vizuri anapopita. Pale ambapo njia imeinuliwa katikati na kuwekewa mitaro pembeni, maji ya mvua hugawanyika na kuondoka, na murram hubaki imeshikana, imara hata kwa tairi jembamba. Pale ambapo njia ni bapa, maji hufuata alama ya tairi la aliyepita jana. Mvua moja, alama inakuwa mkwaruzo. Mvua chache baadaye, ni mfereji unaoweza kumeza rimu. Vumbi laini ndilo linalosombwa kwanza, na kokoto zinabaki juu, zimelegea kama punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji. Hapo ndipo gurudumu la mbele huteleza, hasa kwa mtu aliyengoja afike ndani ya kona ndipo ashike breki. Breki hushikwa kabla ya kona. Ndani ya kona unaachia, unatazama unakokwenda, na uzito wako uko kwenye pedali, si kwenye usukani. Na tairi zisijazwe upepo mpaka zigonge kama jiwe; zikilegezwa kidogo zinashika kokoto badala ya kurukaruka juu yake.

Kwa nini basi nisitake lami? Kwanza, mto una tabia zake. Ukifurika hula ukingo, na lami iliyolalia ukingo huo hubaki inaning'inia, kisha inapasuka. Kuirudisha kunataka tenda, mkandarasi na bajeti ya mwaka ujao. Murram ikibomoka, watu wawili wenye jembe, toroli na kishindilio wanaiziba asubuhi moja. Sisemi kwamba murram inakunywa maji yote. Ikishindiliwa vizuri nayo hutiririsha. Ninachosema ni kwamba inatengenezeka na watu wa hapo hapo. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, sidhani kuna mkazi wa Nairobi anayehitaji kuelezwa mito yetu inaweza kufanya nini.

Pili, lami huita mwendo. Wiki chache tu, boda boda zitakuwa zimegundua njia ya mkato, na mama aliyekuja na mtoto anayejifunza baiskeli atakuwa amefukuzwa. Kwenye murram kila mtu hupunguza. Unapiga kengele, wanaotembea wanakupisha, mnasalimiana. Mara nyingine wote mnasimama kuwatazama mbega wakiruka juu ya miti.

Anayekwenda kazini kila siku kwa baiskeli, kutoka Eastlands hadi Industrial Area, yeye anastahili lami, tena iliyotengwa na magari. Hiyo apewe barabarani. Isitumiwe njia ya mtoni kama sababu ya kumnyima.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Karura ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na bado miaka ya tisini ulikuwa ukigawiwa watu vipande vipande. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko walipokwenda kupanda miti. Hata baada ya hapo watu wengi waliogopa kuingia, mpaka ulipowekwa uzio wa umeme na walinzi. Leo umejaa wakimbiaji, familia na baiskeli, na ardhi yenye watu kila siku si rahisi kunyakuliwa kimyakimya. Kingo za mito mingine ya jiji zinahitaji macho kama hayo. Lakini njia isije ikawa kisingizio cha kuwabomolea watu wa Mathare au Mukuru bila kuwapa pa kwenda. Wao ndio wa kwanza kuulizwa, na kazi ya jembe na toroli iwe yao, kwa mshahara wa kila mwezi.

Kwa hiyo pesa zilizokusudiwa lami zipelekwe kwenye mitaro, kalvati na mishahara hiyo. Mitaro ifukuliwe kabla ya Machi, na tena kabla ya Oktoba, mvua hazijaanza. Na mvua kubwa ikinyesha usiku, baiskeli zizuiwe asubuhi yake mpaka njia ikauke, kwa sababu tairi moja kwenye murram iliyolowa huchora mstari, na mvua inayofuata haitakuwa na kazi ya kutafuta pa kupita.