Maswali ya wasomaji: Maji ya kwenye ramani na maji ya njiani

Swali: Ndugu wahariri, ramani yangu ya 1:50,000 ilionyesha kijito kikikata njia. Nilipofika nilikuta mchanga mkavu. Kuna pia viduara vya buluu, kimoja kina mkia na kingine hakina. Ramani imekosea, au ni mimi nisiyejua kuisoma?

Jibu: Huenda ramani haina kosa lolote. Utazame tena mstari wa kijito hicho. Mstari wa buluu usiokatika ni mto ambao wapimaji waliuhesabu kuwa wa mwaka mzima. Uliokatikakatika ni mto wa msimu, wenye maji baada ya mvua au theluji inapoyeyuka, kisha hukauka. Kwenye ramani za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, mstari wa msimu ni kistari na nukta tatu, kistari na nukta tatu. Kwa mwanga hafifu wa tochi jicho huuona kama mstari mzima, na hapo ndipo wengi huponzeka. Ziwa la msimu nalo halijazwi rangi, huwekewa michirizi tu.

Kwenye ramani hizo hizo, kiduara chenye mkia uliopinda ni chemchemi, na mkia ni maji yanayotoka. Kisicho na mkia ni kisima. Kisima kisicho na pampu nzima, nawe huna kamba wala chombo cha kutekea, usikihesabu kabisa.

Maana hizi usizihamishie kwenye ramani ya nchi nyingine. Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, huandika herufi: W kwa kisima, Spr kwa chemchemi. Ramani za mashindano ya kutafuta njia kwa dira huchora chemchemi kama herufi U, mdomo wake ukielekea kule maji yanakoteremkia. Ufunguo wa ramani usomwe kabla ya kufunga mzigo, alama moja moja, na zile za maji uziandike kwenye karatasi utakayotembea nayo.

Kisha angalia mwaka, na si mwaka wa kuchapishwa peke yake. Pembeni mwa ramani mara nyingi huandikwa pia mwaka ambao upimaji ulifanyika, na huo ndio unaokuhusu. Toleo jipya linaweza kuwa na barabara mpya huku vijito vikiwa vimeachwa kama vilivyochorwa miongo kadhaa iliyopita. Tangu hapo huenda msitu umekatwa, mfereji ukachimbwa, au maji yakavutwa kwa mabomba kutoka juu.

Swali: Kwa mujibu wa ramani nimesimama juu ya chemchemi kabisa, lakini sioni tone. Nitafute vipi bila kuzunguka ovyo?

Jibu: Anza na hesabu. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita 1 ni mita 50 ardhini. Alama yenye upana wa milimita 2 inafunika mita 100, na mchoraji huenda aliisogeza kidogo ili isigongane na njia. Kwa hiyo chemchemi yako inaweza kuwa umbali wa kiwanja cha mpira kutoka hapo uliposimama.

Watu wengi hupanda juu kuitafuta. Fanya kinyume. Teremka mita 20 hivi chini ya alama, kisha tembea kwa usawa ukikata mteremko, bila kupanda wala kushuka, mita 100 kila upande. Maji yakiwa yanatoka popote juu yako, ama utakikanyaga kijito chake, ama utaona utepe wa majani mabichi kuliko ya jirani, au udongo unaobonyea. Ukiupata, ufuate kupanda hadi yanapochomoza, ukatekee hapo hapo kabla mifugo haijayavuruga. Usiteremke mno kabla ya kuanza, maana chemchemi ndogo hutiririka hatua chache tu kisha hunywewa na ardhi.

Swali: Njia yangu inakata vijito vitatu, vyote vya mstari mzima. Ni kipi cha kutegemea wakati wa kiangazi?

Jibu: Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, itakujibu kuliko rangi ya buluu. Bondeni kontua hujikunja kama V, na ncha ya V huelekea juu, maji yanakotoka. Kwa kila kijito, zungushia penseli eneo lote linalomwaga maji yake hapo, hadi kwenye migongo ya vilima. Chenye eneo kubwa na vijito vingi vinavyokilisha ndicho hudumu. Kinachoanza mita 300 tu juu ya njia hukauka mapema, hata kiwe kimechorwa mzima namna gani. Kwa kawaida ni salama zaidi kuteremka hadi vijito viwili vinapokutana kuliko kutegemea kimoja karibu na kilele.

Jihadhari na nchi ya mawe ya chokaa. Mstari wa buluu ukikatika ghafla katikati ya bonde, maji yamezama ardhini, nayo huweza kuibuka kilomita kadhaa chini. Na kwenye mito inayolishwa na barafu inayoyeyuka, asubuhi maji ni machache na alasiri hujaa, basi panga kuvuka mapema.

Swali: Programu ya simu inaonyesha alama ya bomba. Je, maji hayo yananyweka?

Jibu: Gusa alama usome maelezo. Data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inayotumiwa na programu nyingi za njia, hutenganisha mahali pa maji ya kunywa na chemchemi ya kawaida, na huweza kutaja kuwa maji ni ya msimu. Lakini wanaojaza ni watu wa kujitolea, na sehemu hiyo mara nyingi huachwa wazi. Pasipoandikwa kitu, yachukulie kuwa machafu. Pakua ramani yote kabla ya safari, kwa kuwa mtandao hukatika bondeni.

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika zaidi dhidi ya vijidudu: maji yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Chujio la kawaida la mkononi huzuia bakteria na vimelea, ila virusi hupita. Vidonge vya klorini vya kawaida havitoshi kuua Cryptosporidium, kimelea kinacholeta kuhara. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoondoa sumu za mgodi, kwa hiyo ukiona alama ya mgodi, mara nyingi nyundo au sururu mbili zilizopishana, juu ya kijito chako, kiache.

Swali: Nibebe lita ngapi?

Jibu: Kadiria nusu lita kwa saa kwenye hali ya wastani, na hadi lita 1 kwenye joto kali. Pima muda kutoka chanzo unachokiamini hadi kinachofuata unachokiamini, ukiviruka vyote vya mstari uliokatika. Mwendo wa saa 5 kwenye joto ni lita 5, yaani kilo 5 mgongoni.