Waliopona VVU walikuwa wakitibiwa saratani: kwa ndugu anayetaka kupumzika dawa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tiba iliyomponya yule Mmarekani wa Berlin hailetwi kwetu, na kama wewe, ambaye kipimo hakioni virusi tena, unaweza kupumzika dawa. Ninaishi na VVU tangu mwaka 2006, na swali lako la pili niliwahi kujijibu mwenyewe, tena vibaya.

Mwaka 2017, nilipoambiwa kuwa virusi havionekani, niliacha kumeza ARV bila kumweleza mtu yeyote kliniki. Wiki za mwanzo nilijiona mzima kabisa. Kufikia mwezi wa tatu virusi vilikuwa makumi ya maelfu katika kila mililita ya damu. Sikuambukizwa upya. VVU hupachika vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli za kinga ziitwazo CD4, na baadhi ya seli hizo hulala miaka mingi bila kuzalisha kirusi hata kimoja, kwa hiyo dawa zetu, ambazo kazi yake ni kuzuia virusi visizaliane, haziwezi kuvigusa vilivyojificha humo. Hapo ndipo watafiti wamekwama. Hata yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na VVU na kuanzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa, alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na bila virusi kuonekana, kisha vikaibuka mwaka 2014.

Timothy Ray Brown, huyo wa Berlin, alikuwa anaugua saratani ya damu. Daktari Gero Hütter alimpandikizia, mwaka 2007 na tena 2008, seli shina (seli zinazozalisha damu) za mtu aliyerithi kwa baba na kwa mama hitilafu inayofunga CCR5, yaani mlango ambao VVU vingi huutumia kuingia kwenye seli. Watu wa namna hiyo ni kama mmoja kati ya mia kwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, na kwetu Waafrika ni nadra mno. Upandikizaji wenyewe huua baadhi ya wagonjwa, na sioni daktari mwadilifu atakayemfanyia hivyo mtu anayeendelea vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku. Brown alifariki Septemba 2020 kwa saratani iliyomrudia. VVU havikuwa vimerudi.

Mimi nilirudi kliniki, nikamweleza muuguzi ukweli wote, naye akanianzishia dawa upya bila kunikaripia. Tafadhali usiziache zako leo. Tuambie kwanza ni nini hasa kinachokuchosha: ni kidonge chenyewe, ni foleni, au ni kujificha nyumbani?