Kuhamisha barua pepe na alamisho kutoka Mint kwenda Ubuntu

SWALI: Kompyuta ya steshenari yetu hapa Nyegezi, Mwanza, inatoka Linux Mint kwenda Ubuntu 24.04. Nitahamishaje barua za Thunderbird na alamisho za Firefox?

JIBU: Zifunge programu zote mbili kwanza, la sivyo places.sqlite, faili lenye alamisho, linaweza kunakiliwa pungufu. Kwenye folda yako ya nyumbani bonyeza Ctrl+H ili folda zilizofichwa zionekane, kisha nakili .thunderbird na .mozilla zikiwa nzima kwenye flashi.

Angalia flashi yako. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili) haipokei faili linalofika GB 4, na kasha la barua za ofisi hufika huko upesi. Tumia exFAT.

Wengi hukwama Ubuntu, kwa sababu huko programu hizi ni za snap, yaani vifurushi vinavyoweka data zake ndani ya folda ya snap. Fungua kila moja mara moja, ifunge, ndipo ubandike .mozilla ndani ya snap/firefox/common na .thunderbird ndani ya snap/thunderbird/common. Ikifunguka tupu, barua hazijapotea: andika thunderbird -P (au firefox -P) kwenye terminali, uchague profaili (folda ya data zako) ya zamani. Toleo la programu huko Ubuntu lisiwe la zamani kuliko lile la Mint, maana litaikataa profaili. Mint usiifute kabla ya kuhakiki.