Jinsi ya Kunywa Mvinyo Mweupe wa Mchanganyiko katika Joto la Mtwara

Chupa ya kwanza ya mvinyo mweupe wa thamani niliyowahi kupewa niliiharibu kwa nia njema kabisa. Nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli ndogo ya Mikindani, na mgeni mmoja Mfaransa, siku ya kuondoka, alinikabidhi chupa aliyokuja nayo kutoka kwao akaniambia niinywe pamoja na watu ninaowapenda. Niliiweka kwenye friza tangu asubuhi hadi jioni, kama tunavyofanya soda tunapokuwa na haraka, na nilipoitoa kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo na ndani mlikuwa na chembe za barafu. Tuliinywa upesi upesi katika vikombe vya plastiki kwa sababu ya joto. Dada yangu alisema ni kama maji yaliyotiwa limau, nami nilimkubalia. Miaka minne baadaye, baada ya kufundishwa kwa subira na mpishi wetu, nilipata kuonja tena mvinyo wa shamba lile lile, ndipo nilipoelewa ni kitu gani kilipotea jioni ile.

Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeishi huku kwetu kusini, ambaye huenda ataletewa na ndugu aliyesafiri chupa ya aina hii, yaani mvinyo mweupe uliochanganywa kutokana na aina kadhaa za zabibu, au ataamua kujinunulia kwa siku kubwa, naye hataki kosa langu limpate.

Shamba ninalolizungumzia ni Château de Beaucastel, lililoko kusini mwa Ufaransa katika bonde la mto Rhône, eneo la Châteauneuf-du-Pape. Mwaka 1909 lilinunuliwa na Pierre Tramier, likapita kwa mkwewe Pierre Perrin, na hadi leo ukoo wa Perrin ndio unaolilima na kulisimamia. Ardhi yake imefunikwa na mawe ya mviringo yanayoshika joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, na kutoka kaskazini huvuma upepo mkavu uitwao mistral, ambao hukausha majani ya mizabibu baada ya mvua. Upepo huo una faida kubwa, kwa sababu unyevu ndio unaowaletea wakulima wa zabibu ukungu na kuvu. Yeyote aliyekaa Mtwara wakati wa masika atatambua mara moja kwa nini nchini mwetu zabibu hulimwa Dodoma, penye hewa kavu, na si huku pwani.

Lakini kuhusu kuvu, sisi watu wa Mtwara na Lindi tuna elimu ambayo wanywaji wengi wa mvinyo hawana. Baba yangu mkubwa analima korosho Tandahimba, na tangu utotoni nimeona mikorosho ikipuliziwa salfa ya unga msimu wa maua, ili ubwiriunga usichome maua na korosho changa. Mizabibu nayo ina ubwiriunga wake. Uliivamia Ulaya katikati ya karne ya 19 ukaangamiza mavuno kwa miaka kadhaa, na dawa iliyouzuia ni hiyo hiyo salfa. Kwa hiyo ukisikia kwamba mvinyo umetokana na kilimo hai, usidhani kwamba shamba halijaguswa na kitu chochote. Kilimo hai kinaruhusu salfa, na kinaruhusu mchanganyiko wa shaba na chokaa kwa kiasi maalumu. Kinachokatazwa ni sumu za viwandani za kuua magugu na wadudu pamoja na mbolea za chumvichumvi. Ukoo wa Perrin uliziacha zamani, kabla kilimo hai hakijawa jambo la kutangazwa, na kazi ambayo dawa ingefanya kwa siku moja hufanywa huko kwa jembe na mikono ya watu. Mimi huliheshimu jambo hilo kwa sababu najua kupalilia kunavyochosha.

Salfa pia hutiwa ndani ya mvinyo wenyewe kwa kiasi kidogo, ili usiharibike. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2012, mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa kilimo hai hauruhusiwi kuzidi miligramu 150 kwa lita, wakati mvinyo wa kawaida wa aina hiyo huruhusiwa kufikia 200. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini mvinyo wenye kinga ndogo hustahimili joto kwa shida zaidi. Hilo nililishuhudia niliponunua chupa ya kilimo hai katika duka moja mjini ambako chupa zilipangwa dirishani, jua la alasiri likizipiga. Nilipoifungua, rangi yake ilikuwa imekolea kama chai ya rangi na harufu yake ilikuwa ya tofaa lililooza. Mwenye duka hakuwa na ubaya wowote, ila hakuna aliyemwambia. Tangu hapo, kabla ya kulipa, huuliza chupa ilikuwa imekaa wapi, na huiinua kwenye mwanga: ikiwa chupa ni ya kioo kisicho na rangi na mvinyo wa miaka miwili umekuwa na rangi ya kahawia, huirudisha. Nyumbani chupa ilazwe kwa ubavu sehemu ya chini ya friji kama itanywewa ndani ya wiki chache. Kuiweka juu ya kabati la jikoni, hata kwa mwezi mmoja wa Desemba, ni kuipika.

Sasa niseme juu ya mchanganyiko wenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Watu wengi husikia neno mchanganyiko wakafikiri ni mvinyo wa daraja la chini, kana kwamba mtu amekusanya mabaki. Katika bonde la Rhône mambo ni kinyume. Mvinyo mweupe wa Beaucastel hutengenezwa kwa kiasi kikubwa, karibu asilimia 80, kutokana na zabibu iitwayo Roussanne, ikifuatiwa na Grenache blanc, kisha kiasi kidogo cha Clairette, Bourboulenc na Picardan. Roussanne huleta harufu ya peasi, asali na majani ya chai ya maua, na huupa mvinyo uzito. Grenache blanc huongeza mwili, yaani unene unaousikia mdomoni, na joto la kileo. Zabibu hizo mbili zikiachwa peke yake katika nchi yenye jua kali zaweza kutoa mvinyo uliolegea, mtamu kwa harufu lakini usio na makali ya kuusimamisha. Zile nyingine, ingawa ni chache, ndizo zinazoleta uchachu na wepesi. Aliyewahi kusikiliza ngoma ya sindimba anajua kwamba kinganga ni kidogo kuliko ngoma zote, lakini kikinyamaza wachezaji hupoteza miguu.

Kwa sababu hiyo ubaridi uliopita kiasi ndio adui wa kwanza. Ubaridi hufunga harufu, na mvinyo wa namna hii zaidi ya nusu ya thamani yake iko puani. Friji ya kawaida iko karibu na nyuzi 4, ilhali mvinyo mweupe mzito unapendeza kati ya nyuzi 11 na 13. Mimi huutoa kwenye friji robo saa kabla ya kuumimina, nikauacha mezani hadi chupa itoe jasho na jasho hilo lianze kutiririka. Kama chupa ilikuwa nje, huiweka katika ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, izame hadi shingoni, kwa muda wa dakika 20 hivi. Maji ni ya lazima, kwani vipande vya barafu peke yake huigusa chupa hapa na pale tu. Barafu ndani ya glasi siikubali hata kidogo, kwa kuwa inapoyeyuka hutenganisha kila kitu ambacho mtengenezaji alikiunganisha kwa uangalifu.

Mimina kidogo, vidole viwili tu, katika glasi yenye tumbo pana na mdomo uliofinywa. Katika joto letu glasi iliyojaa itakuwa ya uvuguvugu kabla hujaifikisha nusu, lakini kiasi kidogo utakinywa kikiwa katika hali nzuri, kisha utaongeza kingine baridi kutoka kwenye chupa. Zungusha glasi polepole, nusa, uiweke chini, uzungumze na wenzako, kisha unuse tena. Jioni ile ya mara ya pili, tukiwa barazani Mikindani na maji ya ghuba yakianza kukupwa, mnuso wa kwanza ulinipa peasi bichi na ganda la limau. Baada ya dakika kumi ilikuja asali, lakini asali isiyo na utamu, harufu tu. Baadaye kidogo nikapata kitu nilichokifahamu sana bila kuweza kukitaja, hadi mpishi alipoleta bakuli la korosho zilizotoka kukaangwa, nikagundua kwamba ndiyo harufu niliyokuwa nikiitafuta. Ulimini mvinyo ulikuwa mzito kiasi kama tui la pili, na mwishoni ulibaki uchungu mwembamba kama wa kiini cha lozi. Huo uchungu usiuogope. Aliyekua akila mabibo na kuuzoea ukakasi wake ataupokea kwa urahisi kuliko mgeni.

Kuhusu chakula nina maoni makali kidogo. Changu wa kuchoma ni mwenzi mzuri sana, na kamba waliopikwa kwa nazi ni bora zaidi, kwa sababu tui na uzito wa mvinyo huelewana. Ila ndimu, ambayo kwetu hukamuliwa juu ya kila samaki, iwekwe pembeni siku hiyo. Mvinyo huu hauna uchachu mwingi, na ukiufuatisha na ndimu utauona umepooza. Pilipili nayo huamsha ukali wa kileo, ambacho mara nyingi hufika asilimia 13 hadi 14, kikaunguza koo na kufunika harufu zote. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, bila pilipili, niliijaribu mara moja kwa udadisi, na ladha yake tulivu iliuacha mvinyo ujieleze.

Chupa moja ya mililita 750 inatosha watu watano wanaokula, na sioni sababu ya kuongeza ya pili usiku huo huo. Mji wetu una Waislamu wengi, na mezani kwangu daima huwa na madafu yaliyopozwa kwa asiyekunywa, yakiletwa kwa heshima ile ile na kwa wakati ule ule, wala simuulizi mtu sababu.

Kwa anayetaka kuzoeza ulimi kabla ya kutumia fedha nyingi, ninashauri aanze na mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma unaotokana na zabibu ya Chenin blanc. Huo ni wa zabibu moja, hivyo utamsaidia kujua zabibu moja inasema nini ikiwa peke yake, na mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, tofauti na ile ya Rhône inayovunwa mara moja. Akishaonja glasi mbili tatu za Chenin katika jioni tofauti, mchanganyiko utamfungukia haraka.

Kilichobaki kwenye chupa kisimwagwe. Kirudishie kizibo, ukiweke friji, ukimalize ndani ya siku mbili au tatu. Chupa yetu ya Mikindani ilibaki robo, na kesho yake mchana, nilipokuwa nikisafisha meza za barazani, mpishi aliniita jikoni akanimiminia kilichokuwemo. Asali iliyonichukua dakika kumi kuipata jana yake, safari hii ilinipokea kabla sijaifikisha glasi mdomoni.