Mama aliambiwa amepona sukari, nami sineni kwa lugha: imani yetu ni haba?

SWALI: Bwana asifiwe Mchungaji. Naishi hapa Malindi, mtaa wa Muyeye, na mamangu tunakaa naye. Ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye mkutano wa injili. Mhubiri akamwekea mikono, mama akaanguka, akaambiwa amepona, na kwamba akiendelea na sindano atakuwa anamwambia Mungu ni mwongo. Tulinunua mafuta ya upako, chupa shilingi 1,500, kisha tukaambiwa tupande mbegu, yaani tutoe sadaka, ya 5,000 kwa simu. Mama akaacha sindano. Siku ya tano jirani mwenye kimashine cha kupima akampima, ikasoma 19, yaani sukari iko juu sana. Nilipompigia msaidizi wa mhubiri alisema nyumbani kuna mtu wa imani haba anayezuia muujiza. Akaniuliza kama nanena kwa lugha. Nimeokoka miaka sita na sijawahi. Je, miujiza ipo siku hizi au iliisha na mitume? Na mimi, sina Roho Mtakatifu?

JIBU: Binti yangu, kwanza nijibu wewe. Mama amerudia sindano? Kama hajarudia, acha kusoma hapa umpeleke hospitali sasa hivi, umweleze daktari siku ngapi amekosa dawa, wala usimwongezee dozi kwa kukisia ili kufidia. Akiwa na kiu isiyokatika, anatapika, anapumua kwa haraka au pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, usingoje hata gari la jirani, kodi tuktuk. Maswali yako mengine yamengoja tangu enzi za Paulo na yatangoja mpaka mrudi.

Haya. Miujiza ipo? Naamini ipo, na sisemi hivyo ili kukufurahisha. Wako ndugu zetu Wakristo, watu wa maana na wasomi, wanaofundisha kwamba ishara zilikuwa za kuthibitisha mitume, na mitume walipolala nazo zikalala. Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, alipokuwa kijana katika imani aliandika jambo karibu na hilo. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, mji ulio Algeria ya leo, ilibidi ajisahihishe. Katika kitabu chake cha Mji wa Mungu anasema kwamba hapo Hippo peke yake, kwa muda usiotimia miaka miwili, habari karibu 70 za uponyaji zilikuwa zimeandikwa, na zilisomwa mbele ya watu kanisani.

Tazama lakini aina ya habari anazosimulia. Kuna mama mmoja wa Carthage, Innocentia, aliyekuwa na saratani ya titi. Tabibu alikuwa amemwambia haina dawa. Akapona. Aliyegundua kwamba amepona ni tabibu yuleyule, aliyempima tena, akamuuliza kwa mshangao ametumia dawa gani. Augustino hakumwona tabibu kuwa adui wa muujiza. Alimtaja kama shahidi. Alichomkasirikia yule mama ni kwamba alinyamaza, hakuwasimulia watu.

Na Bwana wetu mwenyewe? Yule mwenye ukoma wa Marko sura ya kwanza alipotakaswa, Yesu alimwambia aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa torati ya Musa, kuhani ndiye aliyekuwa akikagua ngozi na kutoa hukumu: huyu msafi, huyu bado. Kwa lugha ya Malindi, alimpeleka kliniki akapimwe. Yesu hakumwambia kwamba ukijionyesha utakuwa umenionea shaka. Wakatoliki kule Lourdes, Ufaransa, wana ofisi nzima ya madaktari kwa kazi hii. Tangu mwaka 1858 maelfu ya watu wamedai kuponywa pale, na hadi mwaka 2018 kanisa lilikuwa limetangaza miujiza 70 tu. Mimi ni Mwanglikana na kuna mengi ambayo sikubaliani nao, ila kwa hili nawavulia kofia.

Kwa hiyo ile 19 si imani haba. Ni kipimo. Kama Mungu amemponya mamako, kimashine kile kitasema, tena kitasema mara nyingi, akiwa amekula na akiwa hajala, na daktari mwenyewe ndiye atakayepunguza dozi. Muujiza unaomtaka mgonjwa asipimwe, mimi siuelewi unamwogopa nani.

Sasa karama. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na majirani zetu Waislamu wanalitumia kwa uangalifu kutuzidi. Kwao muujiza ni wa mitume na manabii, karama ni ya mawalii, yaani watu watakatifu, na walii wa kweli hatangazi karama yake. Nilipokuwa Lamu miaka ile nimewasikia wazee wakisema anaifichaficha. Katika Agano Jipya la Kiyunani neno ni kharisma, linalotokana na kharis, yaani neema. Maana yake ni kitu ulichopewa bure. Paulo analitumia kwa kunena lugha na kuponya, lakini pia kwa masaidiano na maongozi. Naam, wale kina mama wanaopanga viti na kupika chai siku ya matanga wamo kwenye orodha ileile na waponyaji, Wakorintho wa Kwanza 12 aya ya 28. Aya hiyo huisikii mikutanoni, sijui kwa nini. Au najua.

Na sababu ya karama ameitoa kwenye aya ya 7: "Lakini kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana." Kufaidiana. Karama yako ni ya jirani yako, kama vile mashine ya kupima ya yule jirani ilivyokuwa ya mamako siku ile. Anayekuuliza unanena au huneni ili akupangie daraja, ameigeuza karama ikawa cheti. Paulo naye alikutana na jambo hilo, akajibu kwa kuuliza: wote wanena kwa lugha? Swali hilo limeundwa lijibiwe hapana. Na aya ya 11 inasema Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye. Hasemi kama atakavyo msaidizi wa mhubiri.

Nisiwaonee ndugu zetu Wapentekoste. Fundisho kwamba kunena kwa lugha ndiyo ishara ya ubatizo wa Roho lilienea kutoka Topeka, Marekani, mwaka 1901, kisha Los Angeles mwaka 1906, kwenye ibada za Azusa Street zilizoongozwa na William Seymour, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, na humo weusi na weupe waliomba pamoja wakati ambapo nchi yao iliwatenganisha. Mengi mema yametoka pale. Lakini hata wao, wakifundisha sawasawa, hawasemi kwamba asiyenena hana Roho. Wanasema kuna ujazo zaidi wa kuutafuta. Mnaweza kubishana nao kwa upendo kuhusu hilo. Kukwambia huna Roho, wewe uliyemkiri Yesu kuwa Bwana, ni kusema kinyume na aya ya 3 ya sura hiyohiyo.

Kama hujawahi kuingia kile kikanisa cha Wareno pale mjini, kwa njia ya kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nenda siku moja. Kidogo, kimeezekwa makuti, na makaburi uani. Mwaka 1542 Fransisko Xavier alipita Malindi akielekea Goa, na mtu mmoja wa melini akafariki, akamzika hapa. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye alisifiwa kwa miujiza mpaka mkono wake ukahifadhiwa Roma, na baada ya kufa kwake ikasemwa alikuwa na karama ya lugha. Ukisoma barua zake unamkuta India akikariri sala za Kitamil neno kwa neno kwa msaada wa wakalimani, na Japani akilalamika kwamba hajui kusema. Alijifunza kama unavyojifunza wewe. Na hapa Malindi, mbele ya Waarabu na Waswahili waliokuwa wakitazama Wakristo wanafanyaje, hakumfufua yule maiti. Alimzika kwa heshima, na yeye mwenyewe ameandika kwamba Waislamu waliona vizuri jinsi tunavyozika wafu wetu.

Ludwig Krapf naye, yule mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina, mja mzito. Mwezi wa Julai mwaka uleule homa ilimchukua mke, kisha kichanga. Kaburi liko upande wa bara, Nyali. Sijamsikia mtu yeyote akisema Krapf alikuwa na imani haba. Yeye na mmisionari mwenzake Rebmann ndio waliofungua kazi pale Rabai, na Biblia ya Kiswahili unayoisoma ina jasho lake.

Hata Paulo, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake viliponya watu Efeso, anaandika mwishoni mwa maisha yake: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Sisi wa pwani tunalielewa neno hilo bila kamusi. Hawezi, yaani mgonjwa. Mtume alimwacha rafiki yake mgonjwa akapanda chombo. Hakuandika kwamba Trofimo ana dhambi ya siri au nyumbani kwake kuna mwenye shaka. Timotheo mwenye tumbo bovu alitumiwa shauri la dawa, mvinyo kidogo. Na mwenzake Paulo wa safari alikuwa Luka, tabibu mpendwa, ambaye hatuambiwi popote kwamba alichoma mkoba wake alipookoka.

Kuhusu pesa sitasema mengi kwa sababu Petro alikwisha kusema. Simoni wa Samaria alipoleta fedha anunue uwezo wa kuwekea watu mikono, aliambiwa, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Bwana alipowatuma kumi na wawili kuponya alisema mmepata bure, toeni bure. Nakuongezea jambo moja la kutafakari ukiwa kwenye foleni ya kliniki. Insulini anayojidunga mamako ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Kabla ya hapo mtoto mwenye aina ile ya sukari alikuwa wa kuzikwa tu. Walioigundua waliweza kuwa matajiri wa kutupa, lakini haki yake waliiachia chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja. Sijui Mungu alimtumia nani zaidi, wao au mwenye chupa za 1,500. Kwa kweli, najua.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike kwa ukali kuliko kawaida yangu, na wewe mkazi wa Malindi huhitaji kuelezwa. Mwaka 2023, huko Shakahola, watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge kula hadi wamwone Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, na mochari ya hapa ilijaa hadi makontena ya baridi yakaletwa. Waliokufa hawakukosa imani. Walikuwa nayo tele, wakaambiwa kwamba kuuliza ni dhambi. Simlinganishi mhubiri wako na yule, simjui. Lakini sentensi ile, kwamba ukitumia dawa unamwambia Mungu ni mwongo, nimeisikia kabla na najua inakoelekea. Paulo anaamuru kinyume chake: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.

Unauliza basi mama asiombewe? Aombewe, kwa nini asiombewe. Yakobo ameandika utaratibu: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Mgonjwa hapelekwi uwanjani kwenye spika, wazee ndio wanaokuja nyumbani, watu wanaomjua jina, na watakaorudi wiki ijayo kumwuliza amelalaje. Wanampaka mafuta. Ni ya kawaida tu, ya kupikia yanatosha, uwezo haumo chupani. Na wewe usikae pembeni ukijihukumu kwa sababu huneni. Omba kwa Kigiriama kama ndicho cha mamako.

Nawe kama unaitamani karama ya lugha, iombe, Paulo hakukataza. Akikupa, shukuru, na ukiwa kanisani fuata sheria yake ya sura ya 14: wawili au watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri, la sivyo unyamaze useme na Mungu moyoni. Asipokupa, angalia amekupa nini kingine. Mtu anayemtunza mama mgonjwa miaka yote hii, akahesabu sindano asubuhi na jioni, akawa na ujasiri wa kukubali apimwe siku ya tano wakati nyumba nzima imeambiwa amepona, huyo nisingemwita mwenye imani haba.

Ile mbegu ya 5,000, kama bado hujaituma, usiitume. Nunua vijiti vya kupimia, umrudishie jirani alivyotumia. Siku ya kliniki chukua kitabu cha mama, andikeni namba za wiki nzima. Jumamosi baada ya hapo, mkituruhusu, nitakuja na wazee wawili alasiri, jua likipoa. Chai mkitupa tutakunywa, yake isiwe na sukari. Mafuta tutakuja nayo sisi.