Jibu: Fonti ya brashi inachanika kwenye stika
Habari za leo, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini maneno "DAGAA WA KIGOMA", uliyoyaandika kwa fonti nene ya brashi yenye kingo za mikwaruzo, yanachanika kila mashine inapoyakata kwenye stika ya mlango wa duka. Kabla ya kubadilisha kisu, angalia kwanza wingi wa nukta zinazounda kingo za herufi, kwa sababu kila mkwaruzo hubeba nukta nyingi, na vipande vyake vidogo hung'oka pamoja na mabaki ya stika unapoyabandua. Mimi, kwa vibao ninavyotengeneza hapa Mwanga, hugeuza maandishi kuwa mchoro, hupunguza nukta, kisha hufuta madoa yote yasiyofika milimita 2. Ukitaka mikwaruzo yote ibaki, chapisha bango badala ya kukata stika.

Tazama pia zile A. Neno DAGAA peke yake lina tatu, na zikifanana doa kwa doa, mpita njia hugundua mara moja kuwa si mkono wa mchoraji, hivyo tafuta herufi mbadala (umbo jingine la A) ndani ya fonti au uzirekebishe kidogo mwenyewe. Namba ya simu usiiandike kwa fonti hiyo kabisa, kwani 3 na 8 za brashi zikiwa ndogo hazitofautiani.