Maswali na majibu: Unataka kununua Ford T au Ford A?

Niko Dallas, Texas. Nataka gari la kizamani hasa, la kutembelea Jumapili na familia. Nimependa Ford Model T lakini binamu yangu anasema nichukue Model A. Nani yuko sahihi?

Kama lengo ni kuendesha, binamu yako. Model A, lililoundwa kuanzia mwisho wa 1927 hadi 1931, lina injini ya lita 3.3 yenye nguvu ya farasi 40, gia tatu, na breki magurudumu yote manne, ingawa ni za fito za chuma, si za mafuta. Mwendo wa kilomita 70 kwa saa halioni tabu. Pedali ziko pale ulipozoea. Utakachojifunza upya ni kukanyaga klachi mara mbili unapobadili gia, la sivyo giaboksi itasaga meno.

T (1908 hadi 1927) ni mnyama mwingine. Lita 2.9, farasi 20, gia mbili tu za mbele, na raha yake huishia kama kilomita 60 kwa saa. Pedali ya kushoto ukiikandamiza mpaka chini unaingia gia ndogo, ukiiachia yote unaingia gia kubwa, na huru (nyutro) iko katikati ya safari hiyo. Pedali ya kati ni rivasi, ya kulia ni breki. Mafuta hukanyagi: unavuta leva iliyo chini ya usukani upande wa kulia, na ile ya kushoto ni ya kuwahisha au kuchelewesha cheche inayowasha mafuta ndani ya injini. Sasa fikiria dereva wa magari ya leo akishtuka. Mguu wa kushoto unakimbilia "klachi", na gari, badala ya kuachia, linaruka mbele kwa gia ndogo. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu kabla hujapakia watoto.

Shikamooni. Jumamosi naenda kuona Model T la 1921. Bodi inang'aa. Nitazame nini kingine?

Marahaba. Rangi iache, anza na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Ndani yake kiwanda kiliweka washa (pete) za babiti, ile metali laini nyeupe. Baada ya miongo kadhaa hupasuka na kumeguka vipande. Zikishaisha, meno ya difu yanaachana, na hapo ndipo balaa: breki ya mguu ya T haiko kwenye magurudumu, iko ndani ya giaboksi, na nguvu yake hupita kwenye difu hilohilo. Difu likikatika, breki nayo imekwenda. Unabaki na breki ya mkono, ambayo ni dhaifu. Muulize muuzaji kama washa za shaba nyeusi zimefungwa. Hana risiti wala picha za kazi? Hesabu kwamba babiti bado imo, na upunguze bei kwa gharama ya kushusha ekseli yote ya nyuma na kuifungua. Tungependa pia uongeze breki za nje kwenye magurudumu ya nyuma. Zinauzwa mpya hadi leo.

Kisha magurudumu. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Spoki za mbao zikilia au kucheza, gurudumu hilo halifai barabarani. Wapo wanaozilowesha maji ili zivimbe; hiyo ni danganya toto, zikikauka zinalegea palepale.

Injini usiikubali ikiwa imeshapashwa moto kabla hujafika. Chini ya gari, nyuma ya injini, kuna vibomba viwili vya kupimia oili: kiwango kinatakiwa kuwa kati yao. Cha chini kisipotoa oili, msiwashe. Kikitoa maji, shuku gasketi ya silinda hedi au bloki iliyopasuka. Ikishawaka na kupata joto, tumia kijiti kikavu cha mbao kukandamiza kitetemeshi cha kila koili (kisanduku kinachotoa cheche ya silinda yake), moja baada ya nyingine. Unazima silinda moja moja. Kama injini ilikuwa inagonga na mlio huo ukapungua ulipozima namba tatu, beringi ya koneksheni rodi ya namba tatu imekwisha. Nayo ni babiti ya kumiminwa, kazi ya mafundi wachache na bei yao si ya kuchezea.

Tangazo linasema "T la 1914, kila kitu halisi", na lina stata ya umeme. Inawezekana?

Gari huenda ni la 1914, ila injini yaelekea si yake. Stata ya kiwandani ilianza 1919. La 1914 linatakiwa pia kuwa na rejeta ya shaba ya njano na taa kubwa za mbele za gesi ya asetilini. Injini za T zilibadilishwa ovyo, na namba ya injini ndiyo ilikuwa namba ya gari, kwa hiyo namba peke yake haithibitishi mwaka wa bodi. Si kosa kulinunua, ila lisiuzwe kwa bei ya "halisi".

Kupiga hendeli kunavunja mkono kweli?

Kweli, cheche ikiwa imewahi mno injini hurudisha teke. Leva ya kushoto ipandishe juu kabisa. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, uvute kutoka chini kwenda juu. Usisukume kwenda chini kamwe. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho na uweke vigingi kwenye magurudumu: oili ikiwa baridi sahani za klachi hushikana, na gari linaweza kukufuata.

Niko Nakuru. Yanayotangazwa Marekani ni ya usukani wa kushoto. Ya kulia yapo?

Yapo. Ford ya Kanada iliunda T na A za usukani wa kulia kwa ajili ya makoloni ya Uingereza, na kiwanda cha Manchester kilianza kuunda T mwaka 1911. Tafuta Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Spea nyingi za injini na difu zinaingiliana na za Marekani. Bodi ndiyo inayosumbua, hasa ya Australia, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa hukohuko. Kabla hujatuma hata senti, pata jibu la maandishi kutoka NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na KRA (mamlaka ya mapato) kuhusu umri wa gari na ushuru wake.